Jina la Mji na Kitanda cha Mgeni: Historia ya Kupokea Wageni Ufipa

Miji mingi ya Tanzania imepewa majina ya miti, mito, vilima au watu. Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, imepewa jina ambalo ni sentensi. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, jina hilo lina vipashio viwili vya Kifipa: “sumba”, chenye maana ya kutupa, na “wanga”, chenye maana ya uchawi. Jina zima, basi, ni amri: tupa uchawi. Nayo amri haikosi mwambiwa. Mzaliwa wa mahali haambiwi hivyo kila alfajiri atokapo kwenda shambani; anayeambiwa ni yule afikaye kwa mara ya kwanza, mwenye mzigo ambao haujafunguliwa na nia ambayo haijajulikana. Kabla mji huo haujawa na kibao hata kimoja cha nyumba ya kulala wageni, jina lake lilikuwa kibao kilichowekwa njiani, kikimkaribisha mgeni kwa sharti.

Lililotokea baadaye ni kinyume cha makusudio ya jina. Katika mazungumzo ya kawaida nchini Tanzania, Sumbawanga imekuwa mfano wa mahali pa wachawi. Mtumishi aliyepangiwa kazi huko hutaniwa na wenzake. Mfanyabiashara aliyekwenda kununua mahindi huulizwa arudipo kama alilala salama. Jina lililokusudiwa kumwondolea mgeni hofu limegeuka kuwa chanzo cha hofu hiyo. Mhadhara huu unafuatilia namna mgeuko huo ulivyotokea, kwa kupitia historia ya kupokea na kulaza wageni katika nyanda za juu za Ufipa na kwa kuangalia maneno ambayo historia hiyo imeyaacha katika Kiswahili.

Sababu moja ya mgeuko huo ni ya kiisimu, nayo ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Msemaji wa Kiswahili asiyejua Kifipa akilisikia jina hili huambua nusu yake tu. “Sumba” halimpi maana. “Wanga” humpa, tena haraka, kwa kuwa Kiswahili kinalo neno “mwanga”, wingi wake “wanga”, kwa maana ya mchawi azungukaye usiku, na kitenzi “kuwanga” kitajacho kazi yake. (Wanafunzi wa shule za msingi hulijua pia neno “wanga” kama kirutubisho kilichomo katika ugali, lakini hakuna aliyewahi kuufikiria mji huu kuwa mji wa ugali, ingawa kwa wingi wa mahindi yake ungestahili.) Hivyo msikilizaji hubaki na wachawi mkononi, asijue kwamba kitenzi kilichowatupa kimebaki upande wa pili wa mpaka wa lugha.

Kigoda cha Milansi

Masimulizi ya kale ya Wafipa huanza na kisa cha mgeni kukaribishwa. Kisa hicho kilikusanywa na kuchambuliwa na Roy Willis, mwanaanthropolojia kutoka Uingereza aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambaye vitabu vyake kadhaa, kikiwemo kile cha mwaka 1981 kuhusu kuundwa kwa dola ya Ufipa, vimekuwa rejea kuu kwa wanaoichunguza nchi hiyo. Matoleo ya kisa yanatofautiana, lakini kiini chake ni kimoja. Mtawala wa kwanza, Mweene wa Milansi, alikuwa na kigoda cha utawala. Siku moja alipokuwa mbali na nyumba yake, walifika wanawake watatu wageni. Mke wa Mweene ndiye aliyewapokea, na mmoja wao akapata kukikalia kigoda kile. Mweene aliporudi alikuta jambo limekwisha: nchi ilikuwa imepata watawala wapya. Milansi ikabakiwa na eneo dogo na heshima ya ukongwe, na uzao wa wanawake wale, yaani ukoo wa Watwa, ukatawala Ufipa. (Watwa hawa wasichanganywe na watu wa misituni wenye jina kama hilo katika nchi za Maziwa Makuu.) Baadaye ukoo huo uligawanyika katika dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Jina la kwanza limebaki katika Wilaya ya Nkasi. Na jina la Milansi nalo lingalipo, kwani kata mojawapo ya Manispaa ya Sumbawanga huitwa Milanzi.

Willis alikisoma kisa hiki kama ufunguo wa muundo wa jamii ya Wafipa. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili kina thamani nyingine. Neno la kwanza ambalo mwenyeji wa Kiswahili humwambia mgeni aliyevuka kizingiti ni “karibu kiti”. Ukarimu huanza na kuketisha. Katika kisa cha Milansi, tendo hilo hilo la adabu ndilo lililohamisha nchi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Aidha, cheo cha mtawala, “Mweene”, ni ndugu wa “mwenye” wa Kiswahili, neno la umiliki ambalo limezaa pia “mwinyi” wa pwani. Na “mwenyeji”, neno linalotumika leo kwa yeyote anayepokea mgeni, linaelezwa mara nyingi kuwa limetokana na “mwenye mji”. Kwa hiyo katika familia hii ya maneno anayepokea na anayetawala ni mtu mmoja, na kisa cha Milansi kinasimulia siku vyeo hivyo viwili vilipotengana: mwenyeji alibaki mwenyeji, lakini hakuwa tena mwenye mji.

Upande wa pili wa uhusiano huo upo katika neno “mgeni” lenyewe. Kiswahili, kama lugha nyingi za Kibantu, hakitofautishi mtu asiyejulikana na mtu aliyealikwa; wote wawili ni wageni. Lugha imeliacha jambo hilo liamuliwe na mwenendo wa mtu baada ya kuingia. Methali zake nazo hazikubaliani. Moja husema mgeni aje ili mwenyeji apone. Nyingine humpa mgeni siku mbili na kumkabidhi jembe siku ya tatu. Ya kwanza inamhesabu mgeni kuwa faida, ya pili inamwekea kikomo. Nchi iliyopoteza kigoda chake kwa wageni watatu, kisha ikauita mji wake mkuu kwa amri ya kutupa uchawi mlangoni, haikuwa nchi iliyofunga mlango. Ilikuwa nchi iliyojifunza kuweka sharti.

Hongo na posho

Katika karne ya 19 wageni waliopita Ufipa waliongezeka na kubadilika. Wafipa walikuwa na vitu vya kuuza. Walifua chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, ambayo yalizidi kimo cha mtu na yalivuta upepo yenyewe bila mivukuto wakati wa kuyeyusha mawe ya chuma. Mabaki yake yangali yakionekana katika sehemu mbalimbali za nyanda hizo, na yamechunguzwa na wanaakiolojia, akiwemo Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walifuma pia nguo za pamba, na walilima ulezi na maharage kwa matuta ya majani yaliyofukiwa, yaitwayo intumba. Mahali penye chakula na chuma hapakosi kupitiwa.

Misafara ya biashara na ya wasafiri wa Ulaya ilikuja na Kiswahili chake. Mwaka 1872, katika safari yake ya mwisho, David Livingstone alipita katika mwambao wa Ufipa kuelekea kusini mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1880 Joseph Thomson, Mskoti kijana aliyeachiwa uongozi wa msafara baada ya mkuu wake Keith Johnston kufariki mwaka 1879, alivuka nyanda zenyewe katika enzi ya Kapufi, mtawala wa Nkansi. Kati ya safari hizo mbili kuna mtu mmoja ambaye vitabu vya Ulaya humtaja pembeni: Chuma. Alikuwa pamoja na Livingstone mwaka 1872. Mwaka 1873 alikuwa miongoni mwa walioubeba mwili wake kutoka Chitambo kuelekea Unyanyembe. Na mwaka 1880 alikuwa mnyapara wa msafara wa Thomson. Mazungumzo ya kuomba mahali pa kulala, kupima zawadi na kununua chakula cha wapagazi yalikuwa mikononi mwa watu kama yeye, na lugha ya kazi ya watu hao ilikuwa Kiswahili.

Maneno mawili ya misafara yanafaa kusimamiwa kidogo. La kwanza ni “hongo”. Katika karne ile lilikuwa jina la malipo halali ambayo msafara ulimtolea mtawala wa nchi ili upite na ulale kwa amani. Ilikuwa bei ya ugeni, ikikadiriwa hadharani kwa doti za nguo, kwa ushanga au kwa nyaya za shaba. Serikali za kikoloni zilipojichukulia haki ya kutoza wapitao, hongo ya mtemi haikuwa tena na uhalali, na neno likaporomoka hadi maana yake ya leo ya malipo ya siri ya kumpotosha mwenye mamlaka. La pili, “posho”, lilikuwa chakula cha mpagazi au kipande cha nguo alichopewa akanunulie chakula kijijini. Hili halikuporomoka; lilipanda cheo. Leo ni posho ya kujikimu ya mtumishi aliye safarini na ya mjumbe wa kikao. Anayetaka kuelewa uchumi wa nyumba za wageni katika mji kama Sumbawanga hana budi kuanzia hapo: kitambaa cha mpagazi na fedha ya mtumishi ni kitu kimoja kwa mwenyeji, kwa kuwa vyote viwili hutolewa na aliyemtuma mgeni na huishia kwa aliyemlaza.

Wasafiri hao waliacha pia majina, na hatima ya majina hayo ina funzo la pekee kwa mada hii. Thomson alipoliona Ziwa Rukwa mwaka 1880 aliliita kwa heshima ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Jina hilo halikudumu. Wajerumani walianzisha kituo chao Kasanga, kusini mwa Ziwa Tanganyika, wakakiita Bismarckburg. Leo ni Kasanga. Meli yao Graf von Götzen, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1915 na kuzamishwa na mabaharia wake mwaka uliofuata, iliinuliwa mwaka 1924 na kurudishwa kazini na Waingereza mwaka 1927 kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone aliwasikia wenyeji wakiliita eneo la kusini la ziwa mwaka 1867. Kwa miongo mingi meli hiyo ndiyo iliyowashusha wageni Kasanga, Kipili na Kirando. Majina ya wageni yalifutika, ya wenyeji yakarudi. Sumbawanga halikuhitaji kurudi, kwa kuwa halikuwahi kuondoka.

Utawala wa Wajerumani ulileta neno jingine ambalo maana yake ilipinduliwa na historia. Amri ya kodi ya nyumba ya mwaka 1897 ilimfanya mtu alipie nyumba aliyoijenga mwenyewe na aliyolala mwenyewe. Leo “kodi ya nyumba” katika mazungumzo ya kila siku ni fedha ambayo mpangaji humlipa mwenye nyumba. Neno moja limetumika kwanza kumfanya mwenyeji awe kama mpangaji katika nchi yake, kisha kumfanya mpangaji amlipe mwenyeji. Haishangazi kwamba mpaka sasa wenye nyumba wengi huona ushuru wa halmashauri juu ya wageni wao kuwa ni jambo la kukwepwa.

Katika kipindi chote cha ukoloni msafiri wa kawaida hakulala kwa malipo. Afisa alikuwa na nyumba za mapumziko za serikali. Padri, katekista na mwanafunzi walilala misheni, kwani Mapadri Weupe, walioanza Karema mwaka 1885, walieneza vituo vyao katika Ufipa yote. Na Mwafipa aliyekuwa njiani alifikia kwa jamaa. Kitenzi hicho, “kufikia”, kinastahili kuzingatiwa. Kumwuliza mtu “umefikia wapi?” si kumwuliza umefika wapi. Ni kumwuliza jina la mtu aliyempokea. Kauli ya kutendea imebeba mwenyeji ndani yake, na ndiyo maana hata leo jibu la kwamba mtu amefikia gesti husikika kana kwamba lina upungufu, kama anayekiri kwamba hana mtu mjini.

Wageni waliokuja kuponya

Mwaka 1963 na 1964 Ufipa ilipokea wageni wa aina ya pekee. Vuguvugu lililojulikana kwa jina la Kamcape lilipita kijiji kwa kijiji likitafuta wachawi, likiwatia watu dawa na kuwataka wasalimishe pembe na vifaa vya uchawi. Lilikuwa na udugu na vuguvugu la Mchape la miaka ya 1930, lililotoka Nyasaland na kuenea katika nchi jirani. Willis, aliyekuwapo Ufipa wakati wa Kamcape, aliandika juu yake mwaka 1968. Kwa mujibu wa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, hata kumtaja mtu kuwa ni mchawi lilikuwa kosa. Kwa hiyo wageni hawa walikuwa nje ya sheria ya nchi, ilhali wanakijiji waliwalipa kwa kazi yao.

Kuna jambo la kihistoria hapa ambalo wanaoitania Sumbawanga hawalioni. Kamcape ilitekeleza kwa vitendo kile ambacho jina la mji linasema kwa maneno. Watu walitupa. Tofauti ni kwamba amri ya zamani ilimwelekea mgeni anayeingia, na ile ya 1963 ilitolewa na mgeni ikamwelekea mwenyeji. Methali ya mgeni kuja ili mwenyeji apone ilitimia neno kwa neno, lakini kwa gharama: waliotajwa kuwa wachawi walikuwa mara nyingi wazee wa kijiji, na waliowataja walikuwa vijana. Uponyaji uliletwa pamoja na mashtaka, na taarifa za mashtaka husafiri mbali kuliko taarifa za uponyaji. Kilichotoka nje ya Ufipa ni habari kwamba huko kumesakwa wachawi. Na anayesikia wamesakwa huamini walikuwapo.

Haifai, hata hivyo, kulifanya suala zima liwe la kutoelewana kwa lugha. Imani ya uchawi imeua watu nchini Tanzania: wanawake wazee, na kuanzia miaka ya 2000 watu wenye ualbino, ambao mashambulizi dhidi yao yaliripotiwa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na pia Rukwa. Mtu anayeogopa kulala mahali ambapo mambo hayo yametendeka hawezi kuambiwa kwamba amekosea tafsiri. Wapo pia wanaokwenda Sumbawanga kwa ajili ya sifa hiyo hiyo, wakitafuta waganga na dawa, nao hulala kwenye nyumba za wageni na hulipa kama wengine. Mwenye nyumba hawaulizi wamefuata nini. Kwa hiyo sifa inayomfukuza mgeni mmoja humleta mwingine, na mji hauwezi kuchagua upande mmoja wa sifa yake.

Kitabu cha wageni

Nyumba ya wageni kama biashara ilistawi Sumbawanga kwa sababu ya utawala. Baada ya sera ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972, Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974 kutoka sehemu za mikoa ya Mbeya na Tabora, na Sumbawanga ikawa makao yake. Walikuja maafisa, wakaguzi, madereva, walimu waliokuwa wakingoja usafiri wa kwenda vijijini, na wanunuzi wa nafaka, kwani Rukwa imekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi mahindi. Wengi wao hawakuwa na jamaa wa kufikia. Walikuwa na posho.

Vibao vilivyowaita vilitumia kifungu ambacho kingali kikitumika: “nyumba ya kulala wageni”. Wanasarufi wangetazamia “kulalia”, kwa mfano wa “chumba cha kulia chakula”, ambamo kauli ya kutendea huonyesha mahali pa tendo. Kifungu hiki kimeikwepa kauli hiyo na kumweka mtenda, yaani wageni, baada ya kitenzi. Matokeo yake ni kwamba “wageni” katika kifungu hiki wamekaa mahali ambapo kwa kawaida hukaa mtendwa. Serikali ikakitia katika nyaraka zake. Watu wakakichoka na kusema “gesti”. Neno “hoteli”, ambalo lingeweza kufaa, lilikuwa limeshachukuliwa na mahali pa kula chai na maandazi, hata mgeni aliyeambiwa hoteli iko karibu angeweza kukuta meza na mabenchi bila kitanda. Chumba chenye choo na bafu ndani kimeitwa “selfu kontena”, umbo ambalo msemaji wa Kiingereza hatalitambua na ambalo mtumiaji wake halihitaji kutambuliwa na mtu.

Mapokezi yalikuwa na chombo kimoja muhimu kuliko kitanda, yaani daftari. Lilikuwa na safu za jina, kabila, kazi, utokako, uendako, chumba na saini. Kwa miaka mingi daftari la namna hii lilikuwa jambo la kawaida katika gesti za Tanzania, na mtafiti wa historia ya jamii angefaidi sana kama yangehifadhiwa. Katika nchi iliyojinadi, kwa haki, kuwa imeupiga vita ukabila, mgeni wa usiku mmoja aliulizwa kabila lake kabla ya kupewa ufunguo. Safu hiyo ilitimiza haja ile ile ya zamani ya kujua mgeni ni nani na ameleta nini. Jina la mji lilimwambia atupe. Daftari lilimwambia aseme.

Kilichomvuta mgeni katika gesti hizo hakikuwa mapambo. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali kwa mtu aliyetoka Dar es Salaam. Blanketi la pili na ndoo ya maji ya moto alfajiri vilimrudisha mgeni kuliko jina lolote zuri la kibao. Jambo jingine lililomvuta, ingawa hakuna mwenye nyumba aliyelitangaza, ni ubovu wa barabara. Safari ya kutoka Tunduma, zaidi ya kilomita 220, ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Aliyefika jioni hakuwa na nguvu ya kuendelea Namanyere wala Mpanda. Alilala kwa kuwa hakuwa na hiari.

Baada ya lami

Februari 2008 serikali za Tanzania na Marekani zilitia saini mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia, ambao barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa mojawapo ya miradi yake. Lami ilipofika, mji ulipata ulichokuwa ukikililia kwa vizazi viwili. Lakini mtu ambaye zamani angelala usiku mmoja sasa aweza kumaliza shughuli zake mchana na kuondoka jioni. Barabara mbovu ilikuwa mshirika wa mwenye gesti. Barabara nzuri inamdai ampe mgeni sababu ya kubaki. Na mwaka 2012 sehemu ya kaskazini ya mkoa ilipokuwa Mkoa wa Katavi, wenye makao Mpanda, baadhi ya vikao na posho zake vilihamia huko.

Sababu za kubaki zipo. Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Upande wa Zambia, katika uchunguzi ulioanzishwa na Desmond Clark miaka ya 1950, kumepatikana mabaki ya kale sana ya maisha ya binadamu. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa pamoja hapo yana umri wa miaka 476,000 hivi. Msitu wa Mbizi uko juu ya mji wenyewe, na ndani yake kuna mbega wekundu. Malungu yamesimama mashambani, mengine yakibomoka kila masika. Lakini mgeni anayependa vitu hivyo hatoki kwa posho ya mwajiri. Huchagua mwenyewe, na kabla ya kuchagua husoma.

Hapo ndipo aina mpya ya nyumba inapoingia. Neno “gesti bubu” lilitumika kwa nyumba inayolaza wageni bila leseni: haina kibao, haina daftari, haina ushuru. Bubu, kwa kuwa barabarani haisemi. Siku hizi nyumba za kupangisha kwa siku chache hutangazwa kwa simu na katika mitandao kama Airbnb, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008. Nyumba ya namna hiyo ni bubu kwa jirani na kwa halmashauri, lakini ina maneno mengi kwa mtu aliye mbali, na picha pia. Istilahi ya Kiswahili haijaifikia: kuiita gesti ni kuishusha, kuiita bubu ni kuishitaki, na mwenye nyumba mwenyewe husema tu “apatimenti”. Anayempokea mgeni mara nyingi ni msichana aliyeachiwa ufunguo, asiye mwenye mji wala mwenye nyumba, na bado mgeni humwita mwenyeji wake.

Matangazo ya namna hiyo yana sehemu ambazo mwenye nyumba hana uwezo nazo na sehemu alizo na uwezo nazo. Jina la mahali hajichagulii; huandikwa kama lilivyo kwenye ramani, na msomaji aliye Dar es Salaam, Nairobi au Muscat atalisoma kwa Kiswahili chake, nusu nusu. Chini yake huachwa nafasi ya maelezo, mistari michache isiyo na kiolezo. Kwa kawaida hujazwa maji ya moto, maegesho ya gari na umbali kutoka stendi. Kitenzi cha Kifipa kina herufi tano, na kingeenea hapo.